Ukiamua kuishi kwa tuisheni, jua jioni zako zimeshauzwa

Juzi dada mmoja kaniandikia meseji ndefu. Amemaliza ualimu mwaka jana, kaomba kazi kwenye mfumo wa ajira mpaka kachoka, sasa ameanza kufundisha watoto wa majirani huko Kimara na anasema hela inaanza kuonekana, ila kinachomuumiza ni marafiki zake wa chuo, hawamtafuti tena na hata wakikutana stori haziendi. Anauliza, "dada wewe uliwezaje?" Nimemjibu kwa kifupi nikaona hapana, hili jambo lina watu wengi sana, wacha niliandike.

Mimi nimemaliza 2018, hesabu na fizikia. Hosteli tulikuwa wasichana wanne chumba kimoja, sufuria moja, jiko la umeme la kumficha matroni, mmoja akiishiwa hela wote tunashindia uji. Tuliapiana kabisa kwamba hata tukipangiwa mikoa tofauti tutasimamiana harusi zetu zote. Leo mmoja ni mwalimu wa serikali Tunduru, mmoja anafundisha shule binafsi Morogoro, mmoja yupo benki hapa hapa Dar, na mimi ndo huyu wa tuisheni.

Nilianza kwa elfu tano kwa kipindi, natembea kwa mguu Sinza mpaka Mwenge ili nauli ibaki. Watu walikuwa wananionea huruma waziwazi. Halafu ikaja Machi 2020, shule zikafungwa kwa ajili ya corona, wazazi wakakaa na watoto ndani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu wakaanza kutafuta walimu kama wanatafuta fundi bomba usiku. Mama mmoja wa Mbezi Beach alinichukua kwa watoto wake wawili, akanisema vizuri kwenye grupu la wazazi wenzake, na mpaka shule zinafunguliwa mwishoni mwa Juni nilikuwa na orodha ya watu wanaosubiri. Tangu hapo sijawahi kutafuta mwanafunzi, wananitafuta wao. Yaliyofuata ni foleni na vumbi tu, siyaelezi.

Ila hili la kazi yenyewe lazima niliseme maana wengi wanadhani tuisheni ni kwenda kusahihisha homuweki. Nilipewa kijana wa kidato cha tatu Salasala, hesabu anapata F kila mtihani, mama yake kakata tamaa. Siku ya kwanza nikampa swali dogo tu, 3x − 5 = 10, nikanyamaza nimtazame. Akaandika 3x = 5, akaniangalia usoni, akafuta. Akaandika 3x = 15, akaniangalia tena, akafuta na hiyo wakati ilikuwa sahihi! Karatasi ikatoboka. Nikagundua huyu mtoto hana shida ya akili wala ya hesabu, anafanya hesabu kwa kusoma sura ya mwalimu. Nikamnyang'anya ufutio na penseli nikamwambia kuanzia leo ni kalamu ya wino, ukikosea piga mstari mmoja tuendelee, na mimi nakaa pembeni yako sio mbele yako. Darasani kwao wako wengi, mwalimu ataona saa ngapi kwamba mtoto anafuta jibu sahihi? Mtihani wa taifa wa kidato cha nne, Necta, alipata B ya hesabu. B jamani, kuanzia 65 kwenda juu, mtoto aliyekuwa anapata 18. Mama yake alinipigia analia na mimi nikalia, na najivunia mpaka kesho.

Sasa siku ile matokeo yametoka nilitaka kumwambia mtu. Nikafungua simu nikapita majina, nikaona kwamba wale watatu ambao wangeelewa kwanini nalia kwa B ya mtoto wa watu, sijaongea nao miezi.

Dada yangu uliyeniandikia, sikia. Kazi yetu inafanyika muda ule ule ambao watu wengine wanautumia kuwa marafiki, na hiyo ndo siri nzima, hakuna uchawi wala chuki. Mtoto anashuka kwenye basi la shule saa kumi na moja, anaoga, anakula, saa kumi na mbili mmekaa mezani, moja na nusu unatoka unakimbilia nyumba ya pili mpaka saa tatu usiku. Wenzako muda huo ndo wametoka kazini wako mahali wanapiga stori. Jumamosi wao wanapumzika wewe una watoto kuanzia asubuhi. Na msimu wetu mkubwa ni Agosti mpaka Novemba, darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, la nne Oktoba, kidato cha pili na cha nne Novemba, na miezi hiyo hiyo ndo kila Jumamosi Dar ina harusi. Kwahiyo usijiulize umewakosea nini, angalia ratiba yako utaona.

Lakini kuelewa hakuzuii kuumia, sitakudanganya. 2022 sendoff ya shoga yangu wa benki niliiona kwenye stetasi. Nilikuwa ndani ya bajaji natoka Goba, begi limejaa pasti pepa, nafungua simu nakuta watu wamependeza na gauni za zambarau, yule wa Morogoro yupo, hata wa Tunduru kasafiri kaja. Mimi sikupewa kadi, sikuombwa mchango, sikuwekwa hata kwenye grupu la kamati. Unajua watu wanalalamika sana kuhusu michango ya harusi, ila kuombwa mchango ni heshima, maana yake mtu kakaa na kalamu akaandika watu wake na wewe ukawemo. Nilipompigia akaniambia kwa upole tu, "tulijua una vipindi". Usiku ule ule nilimtumia hela kwenye simu, akanishukuru, tukaishia hapo. Mpaka leo nikikumbuka ile "tulijua" inanichoma. Mlijuaje bila kuniuliza?

Na kuna hili lingine la kuulizwa "bado uko kwenye tuisheni? hujapata kazi?" Hii NDIYO kazi. Kuna miezi napata zaidi ya mwalimu anayeanza ajira, kodi ya nyumba nalipa mwenyewe, mdogo wangu nimemsomesha kwa kalamu hii hii. Lakini rafiki mwenye kazi ya ofisini anaiona kama unasubiria kitu, na ukikaa naye sana na wewe unaanza kuamini unasubiria kitu. Usikubali. Hiyo nakusisitizia, usikubali kabisa.

Kwahiyo nilifanyaje. Kwanza niliacha kuchukua kila mzazi. Nilipanga kwa maeneo, Jumatatu na Jumatano ni Mbezi Beach na Salasala, Jumanne na Alhamisi ni Goba na Madale, anayetaka siku tofauti namwambia sina nafasi hata kama ana hela, maana ukimchukua mmoja wa Tegeta na mwingine wa Sinza jioni moja umeshalala kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo na hela yako umempa boda. Pili, hela ya mwezi inalipwa mwanzo wa mwezi, sio "ticha nitakutumia wikiendi". Ukilipwa kwa kipindi kimoja kimoja hautawahi kuwa na ujasiri wa kukataa kipindi, ndo hapo jioni zako zote zinakwisha na marafiki wanakwisha nazo. Tatu ni Jumapili. Jumapili kuanzia saa nane mchana sifundishi mtoto wa mtu yeyote, hata iwe kesho yake Necta.

Na hiyo Jumapili usiilalie. Watu wengi wakipata nafasi wanalala halafu Jumatatu wanalalamika wapweke. Mimi nilifanya kitu ambacho dada yangu alinicheka, niliwaweka marafiki zangu kwenye ratiba kama wanafunzi. Jumapili ya kwanza ya mwezi nampigia wa Tunduru, ya pili wa Morogoro, ya tatu naenda kwa wa benki Kinyerezi, nambebea mtoto zawadi, nakaa nae jikoni anapika ananieleza malengo ya tawi lao mimi nasikiliza tu hata kama sielewi nusu yake. Mwanzoni alikuwa anashangaa, "shoga vipi, kuna shida?" Baadae akazoea. Siku hizi nikichelewa ananiuliza uko wapi. Kusubiri mpaka "tutafutane tukipata nafasi" ni kuzika urafiki ukiwa hai, mtu mzima hapati nafasi, anaitenga. Mtoto dhaifu wa hesabu unampa saa moja na nusu mara mbili kwa wiki bila kukosa na anapona, kwanini mtu uliyekula nae uji umwachie bahati?

Sio wote watarudi. Wa Tunduru simu zake nyingi ni kuhusu kupanda madaraja kazini na uhamisho na makato ya mkopo, mimi nazungumza wazazi wasiolipa, tunaongea dakika kumi tumemaliza, na nimekubali dakika kumi zetu. Ila nisikilizeni na nyie mnaosoma hapa mlioajiriwa, rafiki yako aliyejiajiri akikwambia ana kipindi mara tatu, muombe mara ya nne. Muombe mchango. Muweke kwenye grupu. Mwache akatae mwenyewe.

Na Januari itumie, dada. Januari wazazi wanalipa ada, sare, madaftari, hela ya tuisheni haipo na watoto wenyewe wamechoka, walimu wengi tunakaa tunahesabu madeni. Zamani nilikuwa naichukia Januari. Sasa hivi kwenye hela ya Oktoba na Novemba, ambayo ndo nono, natoa kodi ya Januari mapema na nauli, maana tangu treni ya SGR ianze 2024 Morogoro sio safari tena, unapanda asubuhi unafika kabla ya chai kupoa. Wiki ya kwanza ya mwezi huo sipo Dar na wazazi wote wanajua, nimewaandikia kwenye grupu tangu sasa. Na yule wa Kinyerezi juzi kasema kama tarehe zitamkubalia tutaenda wote, yeye ndo atakata tiketi.