Mmea Umejiotea Bustanini? Usiung'oe, Usiule, Subiri Utoe Ua

Juma lililopita msomaji mmoja alinitumia picha ya mche ulioota katikati ya tuta lake la vitunguu. Swali lenyewe lilikuwa neno moja: "Ning'oe?" Majani manne, picha yenye ukungu. Nikamwambia auache, asiuonje, asubiri maua. Akaja juu kidogo, kwamba yeye alitaka jina. Namwelewa. Sisi wa bustani hatulali vizuri kukiwa na kitu shambani tusichokijua.

Lakini jina la haraka ndilo lililoniletea maneno msimu uliopita. Pembeni mwa biwi langu la mboji uliota mmea ambao sikuupanda. Majani mapana, yenye umbo la moyo, na vinyweleo laini ukiyapapasa. Jirani yangu mmoja, ambaye kwa habari za bustani hapingwi na mtu, aliutazama mara moja tu akatoa hukumu: "Huo mnanaha. Utaua watu hapa." Alisema mbele za watu, wakacheka, na mimi nikaonekana mtu anayefuga sumu. Sijasahau.

Hofu yake ilikuwa na msingi, nampa haki yake. Mnanaha (Datura stramonium) una sumu kali tangu mizizi hadi mbegu, na huchipuka popote udongo ulipochimbuliwa. Ila mimi nilikuwa nimeangalia, yeye alikuwa amepita. Jani la mnanaha lina kingo zenye meno yasiyolingana, na ukilisugua linatoa harufu mbaya inayokaa mkononi. La kwangu lilikuwa na kingo zilizotulia na ulaini wa sikio la paka. Nikauwekea kijiti, nikauzungushia kamba ili mtu asije akachuma, nikanyamaza.

Yaliyofuata ni kumwagilia tu, hayana hadithi.

Kisha ua likatoka. Dogo, la manjano, limeinamia chini, lina madoa ya kahawia kooni. Ua la mnanaha ni tarumbeta ndefu, nyeupe au ya zambarau, na tunda lake lina miiba. Baada ya ua langu kunyauka, kikombe cha nyuma yake kilivimba kikawa mfuko mwembamba kama karatasi, na ndani yake tunda moja la mviringo. Physalis peruviana (kwa Kiingereza Cape gooseberry, tunda linaloliwa), mzaliwa wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini! Ni ukoo mmoja na nyanya, na ukoo mmoja na mnanaha pia, kwa hiyo kufanana si ajabu. Nilisubiri mfuko ukauke na tunda liive njano kabisa, maana likiwa bichi linadhuru. Jirani alipita akaona. Hadi leo hajasema kitu, nami sijamuuliza.

Sasa nisikilizeni. Jani ni shahidi mgeugeu: kivulini linapanuka, juani linasinyaa, na majani mawili ya kwanza ya mche mara nyingi hayafanani kabisa na yatakayofuata. Ua halibadiliki hivyo. Ndiyo maana Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipopanga mimea katika karne ya 18, alihesabu viungo vya uzazi ndani ya ua. Hata programu ya simu niliyoitumia ilinipa majina matatu tofauti kwa picha za majani, na ilipopigiwa picha ya ua ikatulia kwenye moja.

Wakati unasubiri, zipo dalili za kukupunguzia orodha. Shina la pembe nne na majani yanayotazamana mara nyingi ni jamaa wa mrehani na mnanaa. Mmea unaotambaa, wenye majani manene: vunja kishina. Ukitoa utomvu mweupe kama maziwa, si ule unaoliwa kama mboga, na utomvu huo usikuguse machoni. Majani yaliyochanika kama ya karoti ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote, kwa sababu hemloki (Conium maculatum), ule unaosimuliwa kumuua Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, mwaka 399 KK, hufanana na karoti na kotimiri. Shina lake halina vinyweleo na lina madoa ya zambarau. Huo wala usisubiri ua. Vaa glavu, uung'oe.

Na ndugu zangu, acheni ujeuri wa kuonja ili kujua. Ulimi si kitabu cha mimea. Ukitaka mboga ya uhakika, panda mbegu unayoijua.

Kuna wanaoniambia maotea ya malenge hayana shida kwa kuwa kila mtu anayajua. Hapana. Malenge huchanganya chavua kwa urahisi, nyuki hawaulizi kabila, na mbegu iliyoanguka kwenye mboji inaweza kuwa mtoto wa lenge lako na wa lenge la mapambo la jirani. Tunda linaweza kuwa zuri kwa sura na limejaa kukabitasini, kemikali chungu inayoumiza tumbo vibaya na isiyoondoka kwa kupikwa. Hapa tu ndipo ninaporuhusu ulimi: kipande kidogo kibichi, ncha ya ulimi, kabla ya sufuria. Kikiwa kichungu, tema na utupe tunda lote.