Katuni zilichangia, tena sana
Umeuliza kama katuni za utotoni ndizo zilizaa mafari (furries kwa Kiingereza), wale wanaopenda wanyama wenye tabia za watu. Zilichangia sana kaka, wengi wanataja Robin Hood ya Disney ya 1973, shujaa ni mbweha mwenye kofia ya unyoya anatembea wima, mtoto akishampenda huyo hamsahau. Lakini kundi lenyewe lilijikusanya kwa mashabiki wa hadithi za sayansi na vijarida vya kuchora huko Marekani, 1989 wakawa na kongamano lao California. Na si lazima tivii, mimi hapa Kayole, Nairobi, nilianza na hadithi za shosho, nyanya yangu, sungura akimdanganya fisi stima zikipotea, nikimwona huyo sungura kabisa masikio yamelala nyuma anaongea kwa sauti ya shosho.