Mdoli usiovunjika ndio unaovunja meno

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu meno ya mbwa: yanayotafuna visivyotafunwa, na yanayoshika mikono ya watu. Zilizofanana nimezijibu pamoja, na ndefu nimezifupisha.

Nina German Shepherd wa miezi minane. Mdoli wa kitambaa haumalizi dakika tano, na mpira wa dukani haufiki kesho. Hakuna kitu asichoweza kukiharibu? (Msomaji, Mbezi)

Kipo: jiwe. Nalo litamvunja meno. Ukiwa dukani usijiulize kama kitu kitavunjika, maana kwa taya zile kila kitu kina siku yake. Jiulize kikivunjika kitakuwa nini. Kitambaa kinageuka nyuzi na pamba, na katikati kuna kile kifilimbi kinachomezeka kirahisi. Plastiki ngumu inatoa vipande vyenye ncha. Mpira mzito ulio mzuri unameguka punje punje, kwa hiyo unauona unaanza kuisha na kuutupa mapema.

Kipimo changu hakina gharama. Kandamiza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kama hakibonyei hata kidogo, kirudishe rafuni, hata muuzaji akiapa kwamba ni "cha mbwa wakali". Mbwa mzima ana meno 42, lakini linaloumia kwa vitu vigumu mara nyingi ni lile gego kubwa la juu la kupasulia nyama: hubanduka ubavu mzima kama kigae. Mbwa hatalia. Utamwona tu anatafuna upande mmoja, na chakula kikimdondoka.

Halafu ukubwa. Mpira upite kiasi cha kinywa chake, usiweze kuteleza nyuma ya magego. Mpira wa tenisi kwa mbwa mkubwa ni hatari, kwa sababu ukibanwa unanywea na unaweza kuziba koo. Tena manyoya yake hushika mchanga, na mchanga unasaga meno taratibu kama msasa; watu wa pwani hapo mnanielewa.

Kama mfuko unaruhusu, nunua mdoli wa mpira wenye uwazi ndani. Unaojulikana zaidi, Kong, ulianzia Colorado, Marekani, katika miaka ya 1970. Joe Markham alikuwa na German Shepherd, Fritz, aliyekuwa akitafuna mawe, mpaka siku alipoliacha jiwe na kukimbilia kipande cha mpira kilichotoka kwenye gari la Volkswagen lililokuwa likitengenezwa. Kong mweusi ndio mgumu zaidi, kwa watafunaji wazito. Ujaze ugali uliochanganywa na dagaa wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwao), uuweke kwenye friza usiku kucha. Asubuhi atalala chini, aushike kwa miguu miwili ya mbele na kulamba hadi ndani. Kulamba kunamtuliza. Ukitumia siagi ya karanga, soma lebo kwanza: ikiwa na xylitol (kiongeza utamu ambacho ni sumu kwa mbwa), usimpe kabisa.

Kipande cha tairi kuukuu au kandambili zilizokatika si vinatosha? Hivyo ni bure. (Msomaji, Tanga)

Tairi la gari lina nyaya za chuma ndani, na zikichomoza zinachana ufizi. Kandambili inang'oka mapande mapande na yanamezwa. Zaidi ya hapo, ukimruhusu yako ya zamani, ya mgeni aliyeivua mlangoni nayo ni halali yake.

Lakini wewe uko Tanga, kamba ya katani unayo. Chukua nene, piga mafundo mawili makubwa, mcheze nayo ukiwa umeishika wewe, kisha iweke juu asipofika. Usimwachie alale nayo, atachambua nyuzi na kuzimeza. Boksi tupu lililoondolewa pini na utepe, ukificha chakula kikavu ndani, litampa shughuli ya kulichana. Hilo lichanwe tu, ndiyo kazi yake.

Je, mifupa ya supu?

Hapana. Mfupa uliopikwa hupasuka vijiti. Kwato nazo ni ngumu mno. Na gunzi la mahindi, ambalo wengi hulitupa uani bila wasiwasi, haliyeyuki tumboni na huziba utumbo.

Shikamoo mwalimu. Mtoto wetu wa mbwa ana wiki kumi, anang'ata mikono na magauni ya wadogo zangu. Jirani anasema nimpige puani. (Msomaji, Nakuru)

Marahaba. Mwambie jirani asante, na usimpige. Mbwa anayepigwa puani anajifunza kuogopa mkono unaoshuka kutoka juu, na siku mgeni akitaka kumpapasa kichwa utaona matokeo.

Kung'ata ni umri. Meno yake ya utoto ni 28, membamba kama sindano, na yataanza kudondoka akifika miezi mitatu au minne. Kwenye miezi sita au saba ya ukubwa huwa yameshatoka. Kupima nguvu ya kung'ata hujifunza kwa ndugu zake: akizidisha, mwenzake analia na kuondoka, mchezo umekwisha. Ndiyo maana mtoto wa mbwa anayeuzwa kabla ya wiki nane huja nyumbani bila somo hilo, na somo linabaki kwenu.

Fanyeni alivyofanya ndugu yake. Meno yakigusa ngozi, mkono ugande. Usiuvute, maana mkono unaokimbia unafukuzwa. Simama, mpe mgongo, toka au nenda nyuma ya geti dogo kwa nusu dakika. Rudi kimya na mdoli mkononi, umpe autafune huo. Atarudia, nawe rudia. Jambo hili haliwezekani kama dada anaondoka huku kaka anamchezesha kwa vidole. Wadogo wafundishwe kusimama wima, mikono kifuani, midomo imefungwa. Kukimbia na kupiga kelele ndiko kunakomchochea. Na akichachamaa jioni bila sababu, mara nyingi ni usingizi. Mlaze.

Tukivutana kamba ananguruma. Namfundisha ukali? (Msomaji, Morogoro)

Tazama mwili, sauti iache. Akiinamisha kifua na kuinua makalio, akiwa mlegevu, akiruka huku na huku, huo ni mchezo. Akikakamaa na kukodoa macho bila kupepesa, simamisha.

Mfundishe "acha" humo humo. Usivute tena: bana kamba kwenye paja lako, ikose uhai. Sogeza kipande cha nyama puani, na akiachia sema "acha", mpe nyama, kisha mrudishie kamba. Kurudishiwa ndiko kunakomfanya aachie kesho bila ubishi. Wengi hupokonya na kufunga mchezo hapo hapo, halafu wanashangaa mbwa hataki kuachia. Kwa mwenye meno ya utoto, vuta polepole, usimnyanyue.

Mwanangu kachubuliwa na jino wakicheza. Mbwa hajachanjwa, lakini ni wetu na ni mzima. (Msomaji, Kisumu)

Osha jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali leo leo mkaulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri mbwa aonyeshe dalili. Wala usimuue: mfunge, umwite daktari wa mifugo amchunguze kwa siku kumi. Dalili zikishamwanza mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu.

Mbwa wangu kameza soksi. Nimtapishe kwa chumvi?

Hapana, chumvi nyingi nayo ni sumu. Mpigie daktari mara moja, na ubebe kipande kilichobaki aone ukubwa. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, unaweza kukata utumbo.

Mbwa wa ulinzi naye achezwe? (Msomaji, Arusha)

Naam. Anayecheza nawe anakusikia ukimwita, na huyo ndiye unayemtaka usiku getini. Dakika kumi asubuhi kabla hujamfungia bandani zinatosha kuanzia. Ukimaliza, ondoka na mdoli. Ukiachwa bandani mchana kutwa atauzoea, na kesho hataufuata.