Mlinzi aliyetawazwa mchezaji bora wa NFL
Umeuliza kama mchezaji wa ulinzi amewahi kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa NFL (ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani), tuzo ambayo kwa kawaida huenda kwa warushaji mpira. Ndiyo: Alan Page wa Minnesota Vikings aliipata mwaka 1971, na baada yake ni Lawrence Taylor pekee, mwaka 1986. Page, aliyecheza katikati ya safu ya mbele ya ulinzi, alisomea sheria huku akiendelea kucheza, akahitimu mwaka 1978, mwaka uleule ambao Vikings walimwacha kwa kuona kwamba mbio ndefu alizozipenda zimempunguza uzito mno. Alistaafu 1981 akiwa Chicago Bears. Kwangu mimi, kinachozidi tuzo hiyo ni kwamba kuanzia 1993 hadi 2015 alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, tai ya kipepeo shingoni.