Matundu Matatu Hayatoshi: Majibu kwa Walenga Shabaha wa Masafa Marefu

Mwalimu, shikamoo. Nilipiga risasi tatu kwa mita 100, na matundu yote yakafunikwa na sarafu moja ya shilingi 200. Wiki iliyofuata, kwa bunduki ileile ya .308 (kipimo cha unene wa risasi kwa inchi) na risasi za boksi lilelile, matundu matatu yalitawanyika karibu sentimita 5. Ni nini kimeharibika? (Msomaji, Njiro)

Marahaba. Inawezekana kabisa kwamba hakuna kilichoharibika. Nimeitazama picha ya karatasi yako ya kwanza: matundu mawili yameungana kama tarakimu ya nane, la tatu limegusa ukingo wao, na pembeni umeandika tarehe kwa wino mwekundu. Karatasi ya namna hiyo kila mlengaji huitunza, nami nimeona wengi wakipotezwa nayo, kwa sababu risasi tatu ni chache mno kuonyesha tabia ya bunduki. Bunduki moja, siku moja, mikononi mwa mtu mmoja, inaweza kutoa kundi la sentimita 2 na kisha la sentimita 5 bila chochote kubadilika.

Fanya hivi. Piga makundi manne ya risasi tano, ukiacha mtutu upoe kila baada ya kundi, kwa kuwa mtutu mwembamba wa kuwindia huanza kuhamisha risasi unapopata joto. Kisha zipange karatasi zote nne juu ya dirisha lenye mwanga, alama ya kulengea juu ya alama ya kulengea, uyahamishie matundu yote 20 kwenye karatasi moja. Hilo duara kubwa utakaloliona ndiyo bunduki yako. Litakuudhi, lakini darubini ya kulengea ukiirekebisha kwa kufuata kitovu chake, hutairekebisha tena kila Jumamosi.

Kaka yangu anaishi Afrika Kusini na ana kibali cha kujaza risasi zake, yaani kutia mwenyewe baruti na vichwa kwenye maganda. Katika daftari lake alipandisha baruti kidogo kidogo, risasi moja kwa kila hatua, na hatua ya sita na ya saba zikagonga urefu mmoja kwenye shabaha. Anasema hapo amepata kipimo chake. Nimjibu nini? (Msomaji, Tengeru)

Njia hiyo huitwa ngazi, na huhusishwa na Mmarekani Creighton Audette. Wazo lake lina mantiki: kama hatua mbili au tatu jirani zinagonga urefu uleule kwa mbali, basi tofauti ndogo ya baruti mahali hapo haisumbui. Ugumu ni kwamba kila hatua ina risasi moja tu, na katika hatua kumi si ajabu mbili jirani zikagongana kwa bahati. Mwambie airudie ngazi hiyo siku nyingine mbili. Hatua ya sita na ya saba zikiachana, mahali pale hapakuwapo tangu mwanzo.

Zikikubaliana, ajaze risasi 20 za kipimo hicho na kupima kasi ya kila moja kwa kronografu. Tuseme mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho kasi hutawanyika kuzunguka wastani, ni mita 4 kwa sekunde. Akipiga risasi tatu, tofauti kati ya ya kasi zaidi na ya polepole zaidi itakuwa kwa wastani mita 7 hivi. Akipiga 20, itakuwa karibu 15. Risasi ni zilezile, ila zile tatu zimemfichia nusu ya habari. Kwa .308 inayotoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde, kila upungufu wa mita 10 huishusha risasi sentimita 6 au 7 kwa umbali wa mita 500, na huko ndiko mtu anakokosa huku akiulaumu upepo.

Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja: akigusa baruti, asiguse kina cha kichwa cha risasi wala aina ya fataki, yaani kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda. Aanzie kiwango cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na asivuke kile cha juu hata kronografu ikimshawishi. Kwa .308, kikomo cha shinikizo cha CIP, tume ya Ulaya ya upimaji wa silaha, ni bar 4,150.

Je, naweza kujaza risasi mwenyewe hapa Moshi nikiletewa vifaa? (Msomaji, Majengo)

Usianze na vifaa. Kujaza risasi ni kutengeneza risasi, na jambo hilo, pamoja na kumiliki baruti, linahitaji kibali. Nenda polisi uulize sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inakutaka nini, na upate jibu kwa maandishi. Hadi hapo, pima risasi za kiwandani kwa uangalifu uleule. Boksi zenye namba ileile ya uzalishaji, ukizinunua kwa pamoja, zitakufikisha mbali kuliko unavyodhani.

Nimerekebisha darubini Arusha. Nikienda kulenga Pwani, risasi zitashuka? (Msomaji, Sakina)

Zitashuka, ila kwa mita 100 au 200 hutaona kitu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo huku risasi haipunguzwi kasi sana. Kwa mita 600, tegemea .308 yako ipige chini kwa sentimita 20 hivi. Kuhusu unyevunyevu, ambao wengi huuogopa, hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu, na athari yake ni ndogo mno kuisumbukia.

Juzi bolti, yaani komeo la bunduki, ilikuwa ngumu kunyanyuka baada ya risasi ya pili. Boksi lilikuwa kwenye dashibodi tangu asubuhi. (Msomaji, Himo)

Ulipaswa kuacha hapohapo, na natumaini uliacha. Baruti iliyopata joto huwaka kwa nguvu zaidi, na shinikizo likipanda, ganda hung'ang'ania ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Tazama maganda yale mawili: kama fataki imelala bapa hadi ukingo wake wa mviringo umepotea, au kitako cha ganda kina alama inayong'aa, shinikizo lilikuwa kubwa. Usipoona dalili hizo, huenda chemba ina mafuta au uchafu. Kwa vyovyote, usiipige tena mpaka fundi wa bunduki mwenye leseni ameikagua, na maganda yote mawili umpelekee.