Fizi zikisharudi nyuma

Pole sana, dada. Umeuliza kama fizi zilizoshuka huota tena, na kama upige mswaki kwa nguvu zaidi ili meno yasilegee. Hazioti tena zenyewe, ila unaweza kuzizuia zisiendelee kushuka. Na hiyo nguvu iache leo hii, tafadhali, maana mara nyingi ndiyo inayozikwangua. Hebu jiangalie kwenye kioo: ukiona jino limegeuka njano zaidi pale linapokutana na ufizi, pengine limechimbika kidogo, huo ni mzizi ulio wazi. Ndiyo maana maji baridi yanakuchoma. Chukua mswaki laini, uulaze nyuzi 45 kuelekea ufizi, uzungushe polepole kwa dakika 2, na dawa ya meno iwe yenye floraidi.

Fizi zikitoka damu, usiogope kuzisafisha. Mara nyingi chanzo ni uchafu na ugaga uliogandamana, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ufanyeje. Daktari wa meno ndiye huukwangua. Palipobaki wazi sana anaweza kupandikiza nyama kutoka kwenye kaakaa lako mwenyewe. Kama unavuta sigara, acha, kwani fizi hupona kwa shida mno. Jino likianza kucheza au usaha ukitoka, nenda mara moja.