Gawio limeshuka, asilimia imepanda: inawezekanaje?

Swali: Habari mshauri. Nataka kununua hisa za Safaricom kwa ajili ya gawio. Nimepitia rekodi zao: mwaka wa fedha wa 2019 walitoa shilingi 1.87 kwa hisa, 2021 wakatoa 1.37, na 2024 wakatoa 1.20. Gawio lilipungua, lakini asilimia ya gawio ilipanda kutoka kama 3 mwaka 2021 hadi zaidi ya 9 mwanzoni mwa 2024. Inakuwaje? Na asilimia ikiwa kubwa hivyo, si ndiyo wakati wa kununua?

Jibu: Hesabu zako ziko sawa. Asilimia hiyo ni gawio la mwaka mzima likigawanywa kwa bei ya hisa sokoni, kwa hiyo inaweza kupanda bila kampuni kuongeza hata senti. Agosti 2021 hisa ya Safaricom ilipita shilingi 40 katika soko la hisa la Nairobi. Gawa 1.37 kwa 40, unapata 3.4. Mwanzoni mwa 2024 bei ilikuwa imeporomoka hadi kama 13. Gawa 1.20 kwa 13, unapata 9.2. Aliyenunua juu kule 2021 aliona asilimia ikinona huku mtaji wake ukipotea kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana asilimia kubwa kwangu ni sababu ya kuuliza maswali kwanza, kabla ya kumpigia dalali.

Ile 1.87 ya 2019 isikudanganye. Gawio la kawaida lilikuwa 1.25, na 0.62 lilikuwa gawio maalumu, yaani fedha za ziada ambazo kampuni haikuahidi kuzirudia. Ukiliondoa, mwenendo ni 1.25, kisha 1.40 mwaka 2020, 1.37, 1.39, halafu 1.20 mwaka 2023 na 2024. Hapo unaona picha halisi: gawio lililopanda kidogo, likatulia, kisha likakatwa.

Kwa nini likakatwa? Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi. Safaricom ilianza kutoa huduma Ethiopia Oktoba 2022, na kujenga mtandao mpya katika nchi kubwa kama ile kunameza fedha nyingi. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, faida ya kundi zima, pamoja na Ethiopia, ilikuwa kama shilingi bilioni 42.7. Gawio la 1.20 kwa hisa zaidi ya bilioni 40 ni kama bilioni 48. Ukiishia hapo utasema wanagawa kuliko wanachopata. Lakini hasara ya Ethiopia hawaibebi peke yao, wapo wabia. Faida iliyo ya wanahisa wa Safaricom wenyewe ilikuwa karibu bilioni 63, kwa hiyo gawio lilichukua kama asilimia 76 yake. Lililipika, ila nafasi iliyobaki haikuwa kubwa. Uwiano huu nauheshimu kuliko ile 9, kwa sababu unakuonyesha gawio linatoka wapi.

Ukipitia tovuti za soko, hakikisha asilimia imejumlisha malipo yote mawili ya mwaka. Kwa mwaka wa fedha wa 2024 gawio la awali lilikuwa 0.55 na la mwisho 0.65. Tovuti iliyochukua la mwisho tu itakuonyesha asilimia 5 kwa bei ileile ya 13. Na jirani akikwambia mwaka huo yeye alipata asilimia 24, haongopi: alinunua kwa shilingi 5 hisa zilipouzwa kwa umma 2008. Wewe utanunua kwa bei ya leo, basi piga hesabu kwa bei ya leo.

Toa pia kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla gawio halijakufikia, asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Kwa hisa 1,000 zenye gawio la 1.20, shilingi 1,200 inakufikia 1,140.

Jambo la mwisho ni tarehe. Anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa, na ununuzi huchukua siku kadhaa za kazi kukamilika, kwa hiyo usisubiri siku yenyewe. Wala usinunue haraka ili tu uwahi gawio: siku za kununua na kustahili gawio zikishapita, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Kama ripoti ya mwaka inakuridhisha, nunua; kama haijakuridhisha, gawio peke yake lisikukimbize.